Wanyama Waliookolewa: Walimu Wasiopaswa Kuguswa

Katika vituo kadhaa vya Afrika Mashariki na Kati, kuanzia kisiwa cha Ngamba nchini Uganda hadi Nanyuki nchini Kenya na Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaishi wanyamapori wengi ambao hawakuzaliwa humo. Walinyang'anywa wawindaji, walanguzi na watu waliokuwa wakiwafuga majumbani kinyume cha sheria.

Wengi wao hawataweza kurudi msituni. Badala yake wamepewa kazi ambayo hawakuiomba: kuwafundisha binadamu thamani ya wanyama wenzao waliobaki porini. Wanafunzi huletwa kwa mabasi na kwa mashua, watalii hulipa kiingilio, na walezi husimulia habari za kila mnyama kwa jina lake.

Hata hivyo, kazi hiyo ina mtego ndani yake. Mnyama anayeonekana mpole, anayepakatwa na kupigwa picha pamoja na mgeni, anaweza kufundisha kinyume kabisa cha kile kilichokusudiwa. Ndiyo maana wataalamu wengi wa uhifadhi wamefikia kuamini kwamba namna mnyama anavyotunzwa ndiyo somo lenyewe, na kwamba somo hilo huharibika pale mgeni anaporuhusiwa kumgusa.

Yatima wa msitu

Sokwe mtu mchanga hapatikani kwa urahisi. Mama yake hamwachi, na sokwe wengine wa kundi humtetea. Kwa hiyo anayetaka kumtwaa mtoto akiwa hai, kwa kawaida huanza kwa kumuua mama, na mara nyingi huwaua na wengine waliojitokeza kumlinda. Wakubwa huuzwa kama nyamapori. Mtoto, ambaye mwili wake hauna nyama ya kutosha, hutafutiwa mnunuzi akiwa hai.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2013 ilikadiria kuwa wanyama wasiopungua 22,000 wa jamii ya nyani wakubwa, yaani sokwe mtu, gorila, bonobo na orangutani, walikuwa wamepotea porini tangu mwaka 2005 kutokana na biashara haramu. Karibu theluthi mbili ya hao walikuwa sokwe mtu.

Mtoto wa sokwe mtu hunyonya kwa muda wa takriban miaka minne hadi mitano, na huendelea kumfuata mama yake kwa miaka mingine kadhaa baada ya hapo. Katika kipindi hicho hujifunza tunda lipi huliwa na lipi huachwa, jinsi ya kusuka kitanda cha matawi kila jioni, na namna ya kumtuliza mkubwa aliyekasirika. Anayetekwa akiwa na umri wa mwaka mmoja hukosa mafunzo hayo yote.

Ndiyo sababu kumfungulia mlango wa kizimba na kumwacha aende zake msituni si rehema. Sokwe mtu dume wa porini hulinda eneo lao na huweza kumuua mgeni anayeingia. Aidha, mnyama aliyeishi na binadamu huenda akabeba maradhi na kuwaambukiza wenzake ambao hawajawahi kuyapata. Tena, kwa kuwa hamwogopi binadamu, anaweza kwenda moja kwa moja kijijini kutafuta chakula, akajeruhi watu au akauawa.

Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulitoa mwaka 2007 mwongozo wa kuwarudisha nyani wakubwa porini, na masharti yake ni mazito: pawepo msitu wenye chakula cha kutosha, usalama wa kudumu, uchunguzi wa afya na ufuatiliaji wa miaka mingi. Yako maeneo yaliyothubutu. Katika Jamhuri ya Kongo, sokwe mtu waliolelewa na binadamu walianza kuachiwa katika msitu wa Conkouati mwaka 1996, na wengi waliweza kuishi. Lakini watu walilazimika kuwafuatilia msituni mwaka baada ya mwaka, na baadhi ya madume walishambuliwa na sokwe wenyeji.

Kwa wale wasioweza kurudi, kilichobaki ni matunzo ya maisha yote. Sokwe mtu anayetunzwa vizuri anaweza kufikisha umri wa miaka 50 na zaidi. Kituo kinachompokea mtoto wa mwaka mmoja kinajifunga kwa ahadi ya nusu karne.

Kisiwa cha Ngamba

Mfano unaojulikana sana ni wa Ngamba, kisiwa kidogo kilicho katika kundi la visiwa vya Koome, ndani ya Ziwa Victoria, takriban kilomita 23 kutoka Entebbe. Makimbilio hayo yalianzishwa mwaka 1998, yakianza na sokwe mtu 19. Hadi wakati huo yatima hao walikuwa wakiishi katika kisiwa kidogo zaidi cha Isinga na katika kituo cha wanyama cha Entebbe, ambacho nacho kilianzishwa mwaka 1952 kama mahali pa kulelea wanyama yatima, na mwaka 1994 kikageuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori.

Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu nyepesi: sokwe mtu hawajui kuogelea. Maji hufanya kazi ya ukuta bila kuonekana kama ukuta. Kisiwa kina ukubwa wa takriban ekari 100, na karibu chote ni msitu ulioachiwa sokwe. Sehemu ndogo iliyobaki, ambako wanaishi walezi na kufikia wageni, imetengwa kwa uzio wa umeme.

Idadi ya sokwe hao ilikuja kufikia takriban 50. Kwa idadi hiyo msitu hautoshi kuwalisha. Porini, kundi la ukubwa huo huhitaji kilomita za mraba kadhaa, ilhali Ngamba haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Kwa hiyo chakula huletwa kwa mashua kutoka bara, na sokwe hulishwa mara kadhaa kwa siku: matunda, mboga na uji. Bila hivyo wangeimaliza miti kwa kubandua magome na kula machipukizi, na makimbilio yangebaki kichaka kikavu.

Kila jioni wengi wao hurejea wenyewe katika banda la kulala, ambako kuna machela na nyasi za kutandikia. Hakuna anayewaswaga. Hurudi kwa sababu wanajua chakula cha jioni kinawangoja, na walezi hupata nafasi ya kuwahesabu, kukagua majeraha na kumpa dawa anayeumwa.

Jambo ambalo huwashangaza wageni wengi ni kwamba sokwe wa kike hupewa uzazi wa mpango. Wengine huuliza: ikiwa sokwe mtu wako hatarini kutoweka, kwa nini wazuiwe kuzaa? Jibu la walezi ni kwamba mtoto atakayezaliwa kisiwani naye hataweza kurudi porini, na atachukua nafasi ya yatima atakayeokolewa kesho. Makimbilio hayazalishi wanyama wa kuonyeshwa. Kazi yake ni kupunguza madhara ambayo binadamu ameshayatenda.

Siku ya kwanza hadi kundini

Mnyama mpya hapelekwi moja kwa moja kwa wenzake. Kwanza hukaa karantini, kwa kawaida kwa muda wa takriban miezi mitatu. Daktari wa wanyama humpima kifua kikuu, homa ya ini na vimelea vya tumboni, hutibu majeraha ya kamba au minyororo, na kuangalia kama mwilini mna risasi au chembe za chuma.

Katika kipindi hicho mtoto mchanga huhitaji kitu kimoja zaidi ya dawa na maziwa, nacho ni mwili wa kushikilia. Porini angekuwa amejikunyata kifuani mwa mama yake usiku na mchana. Akiachwa peke yake, hata akishiba, huweza kudhoofika na kufa. Kwa hiyo mlezi hugeuka mama, humbeba na kulala naye.

Lakini tangu mwanzo mlezi huyo anafanya kazi ya kujiondoa. Lengo ni kumfikisha mtoto kwa sokwe wenzake mapema iwezekanavyo. Huanza kwa kuonana kupitia wavu wa chuma, kisha kuguswa vidole, halafu huwekwa pamoja na sokwe mmoja wa kike aliye mtulivu, ambaye mara nyingi humchukua mtoto kama wake. Madume wakubwa huja mwisho. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine hurudiwa tangu mwanzo.

Tofauti hiyo ni muhimu kuielewa. Mlezi humgusa mtoto kwa sababu mtoto atakufa asipoguswa. Mgeni hana sababu kama hiyo. Kwa mgeni, kumgusa ni burudani.

Mafua yanayoua

Sababu ya kwanza ya kumzuia mgeni ni ya kitabibu. Binadamu na sokwe mtu wanakaribiana mno kimaumbile, na kwa sababu hiyo wanaambukizana. Ugonjwa ambao kwa mtu ni mafua ya siku tatu, kwa sokwe unaweza kuwa kifo.

Mfano wa wazi ulitokea mwaka 2013 katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Kundi la sokwe mtu wa porini 56 lilikumbwa na maradhi ya njia ya hewa, na watano wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa kirusi cha binadamu kinachosababisha mafua, hasa kwa watoto. Na Januari mwaka 2021, gorila kadhaa katika hifadhi ya wanyama ya San Diego nchini Marekani walithibitishwa kuambukizwa virusi vya corona.

Kwa hiyo katika vituo makini, mlezi mwenye kikohozi hubaki nyumbani. Wafanyakazi hupimwa na kuchanjwa, viatu hutumbukizwa katika dawa kabla ya kuingia, na barakoa ilikuwa ikivaliwa katika baadhi ya vituo hivi hata kabla ya janga la mwaka 2020. Mgeni aliyetua jana kwa ndege kutoka upande mwingine wa dunia hawezi kupewa mtoto wa sokwe ampakate.

Ngamba, wageni hutazama wakiwa juu ya jukwaa la mbao lililo upande wa pili wa uzio, wakati sokwe wanapojitokeza kutoka msituni kula. Asiyetaka kuonekana hubaki msituni, na hakuna anayekwenda kumtoa. Hilo nalo ni sehemu ya matunzo: mnyama anayetumika kufundisha lazima awe na mahali pa kujificha asitazamwe.

Picha inavyopotosha

Sababu ya pili inahusu somo lenyewe. Watafiti wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago waliwauliza wageni wao ni wanyama gani wa jamii ya nyani wakubwa walio hatarini kutoweka. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kuwa asilimia 95 waliwataja gorila na asilimia 91 waliwataja orangutani. Lakini ni asilimia 66 tu waliodhani kuwa sokwe mtu nao wako hatarini.

Sababu iliyotajwa zaidi na waliokosea ilikuwa kwamba sokwe mtu huonekana mara kwa mara katika televisheni, matangazo ya biashara na filamu. Mnyama anayeonekana kila mahali, watu walijiambia, hawezi kuwa adimu.

Utafiti mwingine wa mwaka 2011 uliendelea mbele zaidi. Watu walionyeshwa picha ileile ya sokwe mtu, wengine ikiwa na binadamu amesimama kando yake, wengine ikiwa bila binadamu. Walioona picha yenye binadamu walielekea zaidi, kwa takriban asilimia 35, kudhani kwamba sokwe wa porini wako salama. Vilevile walivutiwa zaidi na wazo la kumfuga sokwe nyumbani.

Matokeo hayo yaliwagusa moja kwa moja wenye makimbilio barani Afrika, ambao baadhi yao walikuwa wakitumia picha za walezi na watoto wa sokwe kuomba michango. Picha hizo huleta fedha, kwa kuwa hugusa moyo. Lakini huenda zikawa zinachochea biashara ileile inayoujaza uwanja wa kituo kwa yatima wapya.

Mwaka 2021, wataalamu wa IUCN walitoa mwongozo kuhusu picha za wanyama hao. Mwongozo unashauri kutochapisha picha zinazoonyesha mtu na mnyama wakiwa karibu karibu, na ikiwa mtu yumo pichani basi aonekane akiwa mbali na amevaa barakoa.

Ndakasi wa Virunga

Ugumu wa jambo hili ulionekana waziwazi katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2007 walinzi walimkuta gorila wa milimani mwenye umri wa takriban miezi miwili akiwa amekumbatia maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Walimwita Ndakasi. Mlezi wake, André Bauma, alimshika kifuani usiku kucha ili apate joto.

Ndakasi alilelewa Goma, kisha akahamishiwa Rumangabo katika kituo cha Senkwekwe, mahali pekee duniani panapolea yatima wa gorila wa milimani. Mwaka 2019 picha moja ilienea duniani kote: mlinzi amejipiga picha, na nyuma yake gorila wawili, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima kama watu wanaongojea kupigwa picha.

Mamilioni ya watu walifurahi. Lakini maafisa wa hifadhi walilazimika kufafanua. Gorila hao walikuwa wakiwaiga walezi waliowalea tangu uchanga, na gorila wa porini hawafanyi hivyo wala hawaruhusiwi kusogelewa namna hiyo. Kilichoonekana kuwa kichekesho kilikuwa, kwa kweli, alama ya msiba uliompata Ndakasi akiwa mchanga.

Ndakasi alifariki tarehe 26 Septemba mwaka 2021, baada ya kuugua, akiwa mikononi mwa Bauma. Katika maisha yake ya miaka 14, idadi ya gorila wa milimani iliongezeka na kupita 1,000, na mwaka 2018 IUCN iliwapunguzia daraja la hatari. Ongezeko hilo lilitokana na ulinzi wa msitu, matibabu porini na juhudi za nchi tatu: Kongo, Rwanda na Uganda. Mchango wa yatima wa Senkwekwe ulikuwa wa aina nyingine: waliwafanya watu wa mbali kuelewa nini kinalindwa, na kwa gharama gani.

Waliotoka Bujumbura na Duhok

Nchini Kenya, ambako hakuna sokwe mtu wa asili, makimbilio ya Sweetwaters yalifunguliwa mwaka 1993 ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Yatima wa kwanza walitoka Bujumbura, wakati Burundi ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mmoja wa waliofika katika miaka hiyo ni Poco. Alikuwa amewekwa kwa takriban miaka tisa katika kizimba kilichoning'inizwa karakana ili kuvutia wateja. Kizimba kilikuwa chembamba kiasi kwamba hakuweza kukaa vizuri. Alipofunguliwa aliendelea kutembea kwa miguu miwili mara nyingi kuliko sokwe wenzake, na wageni walipomwona walicheka wakidhani ni mchezo aliofundishwa.

Hapo ndipo kazi ya mlezi kama mwalimu ilipohitajika. Bila maelezo, Poco alikuwa sokwe mchekeshaji. Kwa maelezo, mgongo wake ulikuwa ushahidi wa jinai. Mnyama yuleyule, mbele ya watoto walewale, anaweza kufundisha mambo mawili yanayopingana, kutegemea kilichosemwa kando yake.

Mwishoni mwa mwaka 2016 alifika mwingine, Manno, kutoka bustani ya wanyama ya mtu binafsi huko Duhok, katika eneo la Kurdistan nchini Iraq. Alikuwa mdogo, akivishwa nguo za kitoto na kulishwa peremende, soda na hata sigara na wageni. Hakuna sokwe mtu anayezaliwa porini Iraq. Mtoto huyo alikuwa amesafirishwa kwa magendo kutoka Afrika.

Safari yake inaonyesha kwamba tatizo haliishii msituni. Mnunuzi yuko mbali, na mara nyingi hajioni kuwa mhalifu. Anajiona mpenda wanyama.

Duma na Ghuba

Hali hiyo inawahusu pia duma. Mfuko wa Uhifadhi wa Duma, wenye makao yake Namibia, umekadiria kuwa takriban watoto 300 wa duma huchukuliwa kwa magendo kila mwaka kutoka Pembe ya Afrika, wengi wakivushwa bahari kupelekwa Rasi ya Uarabuni kuuzwa kama wanyama wa kufugwa. Duma wakubwa waliobaki porini duniani wanakadiriwa kuwa takriban 7,000 tu.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria mwaka 2016 inayowakataza watu binafsi kufuga wanyama hatari. Hata hivyo, picha za watoto wa duma ndani ya magari na sebuleni zimeendelea kuonekana katika mitandao ya kijamii, na kila picha ni tangazo lisilolipiwa.

Waliokamatwa kabla ya kuvuka bahari hulelewa katika kituo kilicho karibu na Hargeisa, Somaliland. Wengi hufika wakiwa na utapiamlo, kwa kuwa walilishwa vyakula visivyofaa. Duma hujifunza kuwinda kwa mama yake katika mwaka wa kwanza na nusu wa maisha, na aliyekosa mafunzo hayo ni vigumu kuachiwa porini.

Saa moja kwa siku

Kwa wanyama wanaotarajiwa kurudi porini, kanuni huwa kali zaidi. Kituo cha Sheldrick kilicho katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1977, hulea ndovu yatima na kuwapeleka Tsavo, ambako hujiunga na ndovu wa porini hatua kwa hatua. Wengine wamerejea wakiwa na watoto wao kuwaonyesha walezi wa zamani.

Marehemu Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika kwa miongo kadhaa kabla ya kupata mchanganyiko wa maziwa ambao ndovu mchanga anaweza kuuhimili. Watoto hunyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Walezi hulala nao lakini hubadilishana zamu, ili ndovu asishikamane na mtu mmoja na kuvunjika moyo siku mtu huyo asipokuwepo.

Kwa kawaida, wageni huruhusiwa kuwaona kwa saa moja tu kwa siku, wakati wa kunywa maziwa na kuoga matope. Saa nyingine zote ni za ndovu na msitu. Kwa wanafunzi, saa hiyo moja imetosha kwa miaka mingi.

Nani analipa?

Kanuni hizi zina gharama. Mgeni anayenyimwa kumgusa mnyama huenda akatafuta mahali pengine anakoruhusiwa, na kuondoka na pesa zake. Katika miaka iliyopita, baadhi ya makimbilio barani Afrika yaliruhusu wageni kutembea msituni na sokwe wachanga, kwa sababu ada ya matembezi hayo ilinunua chakula cha wiki nzima. Muungano wa makimbilio ya nyani Afrika, PASA, ulioanzishwa mwaka 2000, umekuwa ukipinga wageni kugusana na wanyama.

Janga la corona lilidhihirisha udhaifu wa kutegemea kiingilio. Mwaka 2020 vituo vilifungwa, mapato yakakauka, lakini sokwe waliendelea kula kila siku. Mwaka huohuo maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiasi na kuathiri fukwe na majengo ya visiwani, Ngamba ikiwemo. Katika vituo kadhaa walezi walikubali kubaki kazini kwa majuma mengi bila kwenda makwao, ili wasiwaletee wanyama maradhi.

Hatari nyingine ni ya uhalifu. Septemba mwaka 2022, watu waliingia katika makimbilio ya JACK mjini Lubumbashi, wakateka sokwe mtu watatu wachanga na kudai fidia. Tukio hilo lilionyesha kwamba mnyama aliyeokolewa anaweza kutekwa tena, maadamu bado kuna anayeamini kuwa ana bei.

Jinsi ya kukitambua kituo kizuri

Kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuwapeleka watoto, au msafiri anayerudi nyumbani likizo, ziko dalili chache za kuangalia. Kituo kizuri hueleza kila mnyama alitoka wapi na kwa nini hawezi kurudi. Hakimkodishi kwa picha, hakimfundishi sarakasi, wala hakimvishi nguo. Hakizalishi watoto wa kuonyeshwa. Wanyama wanaoishi kwa makundi huwekwa kwa makundi, na kila mmoja ana mahali pa kujificha.

Palipo na watoto wa simba au duma mwaka mzima, wakipitishwa mkono kwa mkono, ipo haja ya kuuliza: watoto wa mwaka jana wamekwenda wapi?

Elimu ya uhifadhi haihitaji daima mnyama awepo. Marehemu Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe mtu wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960 na kufariki Oktoba mwaka 2025, alianzisha mpango wa vijana wa Roots & Shoots mjini Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12. Mpango huo ulienea nchi nyingi, na vijana wake hupanda miti, husafisha mito na kujadili maisha ya wanyama bila kumbeba hata mmoja darasani.

Mnyama aliyeokolewa hubaki na nafasi yake, kwa kuwa kumwona sokwe mtu akimtazama mtu usoni si sawa na kusoma habari zake. Lakini kwa mtazamo wa wanaowatunza, mtoto wa shule anayesimama juu ya jukwaa na kuambiwa "hapa ndipo mwisho wa kufika" ameshapata sehemu kubwa ya somo: kwamba kiumbe huyo ana maisha yake, na kwamba aliletwa pale kwa sababu kuna mtu aliyewahi kumsogelea kupita mpaka. Sokwe mtu aliyepokelewa mwaka huu akiwa mchanga huenda akawa bado anahitaji matunda na uji wakati mtoto huyo atakapokuwa na wajukuu.